Shida Ameingia au Shida Imeingia? Majina ya Watoto na Sarufi ya Heshima katika Likoni, Kisauni na Changamwe

1. Utangulizi

Majina ya watu ni sehemu ya lugha ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili huipitia kwa haraka mno. Katika vitabu vingi vya sarufi, nomino za pekee hupewa mistari miwili mitatu tu: huanza kwa herufi kubwa, aghalabu hazina wingi, basi. Onomastiki, yaani taaluma ya uchunguzi wa majina, huachiwa wanahistoria na wanaanthropolojia, kana kwamba jina la mtu likishatolewa halina tena uhusiano na lugha iliyolizaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake. Yanadai kwamba namna watu wanavyolipokea jina la mtoto, wakalisifu, wakalicheka au wakalishuku, ni tendo la kilugha linaloweza kuchanganuliwa kisarufi. Na kwamba upatanisho wa ngeli ndipo mahali ambapo heshima au dharau hujitokeza waziwazi.

Eneo tulilolichagua ni sehemu tatu za Mombasa zilizo nje ya kisiwa. Likoni ipo kusini, ng'ambo ya kivuko. Kisauni ipo kaskazini, kuelekea Bamburi na Kilifi. Changamwe ipo magharibi, kwenye njia ya reli, karibu na gati za Kipevu na uwanja wa ndege. Jina Changamwe lenyewe ni la watu kabla ya kuwa la mtaa, kwani Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio waundao Miji Tatu katika taifa la Waswahili wa Mombasa. Maeneo haya yana wenyeji wa asili, yaani Waswahili na Wamijikenda, na pia yamepokea kwa miongo mingi wafanyakazi wa bandari, wa reli, na wa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofanya kazi hiyo tangu mwaka 1963 hadi 2013. Hivyo, katika darasa moja la shule ya msingi ya Chaani au Mtongwe, mwalimu aweza kuita Karisa, Mwanajuma, Otieno, Nafula, Mutua na Swaleh bila kugeuza ukurasa wa rejista. Si rahisi kupata maabara bora kuliko hiyo kwa mwanafunzi wa majina.

Ieleweke mapema kwamba mifano yote itakayotolewa ni majina ya kawaida yatumiwayo na watu wengi. Haimlengi mtu yeyote, isipokuwa pale tutakapowataja watu wa historia na wa hadhara.

2. Jina na ngeli ya A-WA

Katika Kiswahili majina mengi ya watu hutokana na nomino za kawaida. Tuna Riziki, Zawadi, Furaha, Baraka, Subira, Mapenzi, Safari, Shida na Tabu. Kila moja ya nomino hizi ina ngeli yake. Zawadi, safari na shida ziko katika ngeli ya I-ZI. Mapenzi yako katika ngeli ya YA-YA. Lakini nomino hiyo ikishakuwa jina la mtu, huiacha ngeli yake na kuhamia katika ngeli ya A-WA. Linganisha sentensi hizi:

(1) (a) Shida imeingia nyumbani.
    (b) Shida ameingia nyumbani.

(2) (a) Mapenzi yamekwisha.
    (b) Mapenzi amekwisha kula.

(3) (a) Zawadi yangu imepotea.
    (b) Zawadi wangu amepotea.

Sentensi za (a) zinazungumzia vitu au hali, ilhali za (b) zinazungumzia watu. Kwa sikio, hakuna kingine kinachotofautisha Shida wa kwanza na wa pili. Herufi kubwa haisikiki, mkazo hauhami. Kinachomfanya Shida awe mtu ni kipatanishi a- peke yake. Tunaweza kusema kwamba Kiswahili humpa mtoto utu wa kisarufi kwa silabi moja.

Mfano ulio maarufu zaidi nchini ni wa Rais wa nne wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1961 na kupewa jina la Uhuru. Kwa muda wa miaka yake ya urais, kuanzia 2013 hadi 2022, Mkenya aliyesikia redioni kwamba Uhuru ameondoka alielewa kwamba Rais amesafiri. Lau angesikia kwamba uhuru umeondoka, angekuwa na haki ya kufunga mlango na kuuliza ni nani aliyerudi kututawala.

Sasa tuitazame kebehi. Watoto wanapomtania mwenzao aitwaye Shida, hawamtungii tusi jipya. Humrudisha tu katika ngeli aliyotoka: "Shida imekuja!" Mapenzi akichelewa darasani, huambiwa kwamba mapenzi yamechelewa. Tabu akiketi mahali, mwenzake husema kwamba tabu imetukalia. Tendo lenyewe ni dogo, nalo huweza kupita kama uchangamfu; lakini kisarufi mtoto huyo amevuliwa kipatanishi cha watu na kuvishwa cha vitu. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Hata hivyo, tusiharakishe kuhukumu. Mbinu hiyo hiyo hutumiwa pia kwa upendo. Mama ambembelezaye bintiye kwa kumwita "riziki yangu", hali jina lake ni Riziki, huwa amelirejesha jina kwenye maana yake ya asili ili kumshukuru Mola kwa alichomruzuku. Aidha, utani wa babu na mjukuu, au wa makabila yaliyo watani, una kanuni zake: kila upande una haki ya kujibu, na kila upande wajua pa kukomea. Kwa hiyo, tofauti ya utani na kebehi haimo katika sentensi yenyewe, bali katika usawa wa wasemaji. Mtoto mmoja mbele ya darasa la watoto arubaini hana watani, ana wacheshi tu.

3. Ka- ya mapenzi na ka- ya dharau

Kundi la pili la majina huzua mkanganyiko wa aina nyingine. Katika Kigiriama na baadhi ya lugha nyingine za Kimijikenda, kiambishi ka- huunda majina mengi ya watu. Mulume ni mwanamume, nalo Kalume ni jina la mvulana. Muche ni mwanamke, nalo Kache ni jina la msichana. Murisa ni mchungaji, na kutokana nalo tuna Karisa. Kivumishi chenye shina -dzo, kinacholingana na -zuri au -ema, kimezaa Kadzo, jina la msichana. Kadhalika tuna Kazungu na Kahindi, ambayo kwa umbo ni mzungu mdogo na Mhindi mdogo.

Katika Kiswahili cha Kenya, ka- ni kiambishi cha kudunisha. Katoto, kajumba na kagari ni maneno ambayo, yasipotamkwa kwa sauti ya huba, hushusha hadhi ya kinachotajwa. Basi msikilizaji asiyejua Kigiriama anapolisikia jina Kazungu, hulichambua papo hapo kwa sarufi ya Kiswahili na kupata kizungu fulani kisichotimia. Hucheka. Asichokijua ni kwamba katika lugha ya wazazi, ka- hiyo ni ya udogo wa mtoto na ya kumdekeza, haina dharau.

Vilevile kuna suala la urithi. Miongoni mwa Wamijikenda, jina la babu au nyanya hurudi kwa mjukuu. Yawezekana Kazungu wa kwanza katika ukoo alizaliwa wakati mzungu alipopita kijijini, au alizaliwa mweupe kuliko ilivyotarajiwa. Kazungu wa leo hana habari na mzungu huyo. Anabeba jina la babu yake, wala habebi maana ya neno. Ni muhimu, kwa hiyo, kutofautisha maana ya kwanza ya jina, yaani ile iliyolizalisha, na maana ya urithi, yaani uhusiano linaoudumisha. Ajabu ni kwamba mcheshi hujibu maana ya kwanza, ilhali mwenye jina huumizwa katika maana ya pili. Anayemcheka Kazungu mdogo amemcheka na babu yake.

Kiswahili kina neno zuri kwa uhusiano huu. Wanaoshirikiana jina huitwa wajina au masomo: huyu ni somo yangu. Neno hilo hilo ndilo tulitumialo kwa maana ya funzo. Mtoto aliyepewa jina la babu ni somo wa babu, na katika nyumba nyingi za Pwani mkaza mwana hathubutu kumkemea kwa jina hilo, kwani atakuwa amemkemea mkwewe. Humwita "baba" au humbunia jina la kupanga.

Jina laweza pia kutoka chini kwenda juu. Shujaa wa Wagiriama aliyewaongoza watu wake dhidi ya utawala wa Kiingereza mwaka 1913 alizaliwa akiitwa Mnyazi wa Menza. Historia inamjua zaidi kama Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Jina lililopata umaarufu ni lile alilolipata kwa sababu ya mwanawe. Leo hii, katika mitaa ya Mishomoroni na Timbwani, mwanamke aweza kuishi miaka ishirini akijulikana kama Mama Karisa au Mama Aisha, na jirani asilijue jina lake la kuzaliwa. Hivyo, wazazi wanapomchagulia mtoto jina, huwa wanajichagulia na wao.

4. Majina ndugu

Baada ya kuona jinsi jina linavyochekwa linapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine, inafaa tuuangalie upande wa pili wa jambo hili. Majina mengi ya watu wa maeneo haya, licha ya kuonekana mageni baina yao, yamejengwa juu ya mawazo yale yale. Mifano michache yatosha:

(4) Aliyezaliwa safarini au wakati wa safari: Safari (Kiswahili), Charo (Kigiriama), Kyalo (Kikamba), Owuoth (Kijaluo).

(5) Aliyezaliwa wakati wa mvua: Mwanamvua (Kiswahili), Wafula na Nafula (Kibukusu), Okoth na Akoth (Kijaluo), Wambua na Mumbua (Kikamba).

(6) Aliyezaliwa usiku: Chausiku (Kiswahili), Otieno na Atieno (Kijaluo), Mutuku (Kikamba).

(7) Aliyezaliwa wakati wa dhiki au njaa: Shida na Tabu (Kiswahili), Wanjala na Nanjala (Kibukusu), Okech na Akech (Kijaluo).

Tukiyatazama kimofolojia, tunaona pia kwamba lugha hizi zina njia zinazofanana za kubainisha jinsia. Kijaluo hutumia O- kwa wanaume na A- kwa wanawake. Kibukusu hutumia Wa- na Na-. Kiswahili huongeza Mwana- kwa wanawake: Juma na Mwanajuma, Hamisi na Mwanahamisi, Idi na Mwanaidi.

Siku za juma nazo hufanya kazi hiyo hiyo. Mswahili huita Juma aliyezaliwa Ijumaa. Juma la jadi la Wamijikenda lina siku nne, nayo mojawapo huitwa Jumwa. Jina Jumwa ni la kawaida kwa wasichana wa Kigiriama, na limesikika hadi Bungeni. Mtu wa kutoka mbali akilisikia Jumwa hudhani ni Juma lililokosewa. Kumbe ni jina kamili, lenye kalenda yake.

Funzo la orodha hii ni kwamba Charo na Kyalo, wanaoketi dawati moja huko Changamwe na kuchekana majina, wana jina moja. Wamelipata kutoka kwa lugha mbili ambazo zenyewe ni ndugu. Kadhalika msichana Shida anayemcheka Nanjala huwa anajicheka. Mara nyingi sana, jina tunaloliona la ajabu ni jina letu wenyewe likiwa limevaa lugha ya jirani.

5. Majina mageni: tangu Frere Town hadi leo

Malalamiko ya wazee kwamba vijana wa siku hizi huwapa watoto majina yasiyojulikana ni ya kweli, lakini si mapya. Mwaka 1875, shirika la wamishonari wa Kianglikana liitwalo Church Missionary Society lilianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Frere Town, katika Kisauni ya zamani, mahali ambapo tangu mwaka 2013 pamo katika eneo bunge la Nyali. Kengele ya makazi hayo ndiyo iliyopazaa jina Kengeleni. Miongoni mwa waliokuja kufanya kazi huko walikuwa Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, na ambao walirejea Pwani wakiwa na majina kama William Jones, George David na Ishmael Semler. Tuwazie jinsi majina haya yalivyosikika Kisauni wakati ule. Lakini hapo hapo Frere Town ndipo palipotoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934. Jina lake la kwanza ni la ubatizo. La pili, alilolirithi kwa baba yake, lilivuka utumwa pamoja na mwenyewe.

Mawimbi mengine yamefuata. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2008, watoto wengi nchini Kenya, hasa sehemu za Nyanza, walipewa majina ya Barack na Michelle. Tamthilia za runinga kutoka Meksiko na Ufilipino, zilizopendwa sana katika miaka ya 2000, zilileta majina ya wahusika wao. Kwa upande wa Waislamu, Juma, Mwanahamisi na Mwanamvua yamezidi kuonekana ya kizamani, na vijana wengi hupendelea Rayyan, Ayaan au Aaliyah. Kila wimbi hupokewa kwa swali moja: "Jina gani hilo?"

Zipo nchi zilizolijibu swali hilo kwa sheria. Aisilandi ina kamati ya majina tangu mwaka 1991, na mojawapo ya vigezo vyake ni kwamba jina jipya liweze kupokea viambishi vya sarufi ya Kiaislandi. Jina lisiloweza kunyambulika, na lisilokuwa na mazoea katika nchi, laweza kukataliwa. Kiswahili hakihitaji kamati ya namna hiyo. Ngeli ya A-WA ni mlango ulio wazi: Barack amelala, Rayyan anacheza, Michelle atakuja, Kadzo amefaulu. Hakuna jina, liwe la Kigiriki au la Kigiriama, ambalo kipatanishi a- kimewahi kulikataa. Ukarimu wa lugha hii, kwa hakika, umewazidi baadhi ya wasemaji wake.

Tunapaswa, hata hivyo, kuitendea haki hoja ya wazee. Kwa mila za Waswahili, mtoto hupewa kwanza jina la utotoni na mtu mzima wa ukoo, kisha wazazi humpa jina la ukubwani, kwa kawaida kabla ya siku arubaini kutimia. Sharifa Zawawi, ambaye kitabu chake cha majina ya Kiswahili kilitoka mwaka 1993, ni mmoja wa wataalamu waliolipa suala hili uzito unaostahili. Chini ya utaratibu huo, jina lilikuwa shauri la watu wengi. Kinachowaudhi wazee si sauti ya jina jipya tu, bali ni kwamba hawakuulizwa. Jina lililochukuliwa runingani halina somo nyumbani. Mzazi kijana anaweza kuliepuka hilo bila kuacha apendalo: ampe mtoto jina la pili la babu au bibi, naye atakuwa na wajina pande zote mbili.

6. Jina linapoingia kwenye karatasi

Jina huweza pia kudhurika bila ya mtu yeyote kucheka. Kiswahili sanifu hakina sauti dz na ts zilizomo katika majina kama Kadzo, Kitsao na Tsuma. Mwandishi asiyezoea sauti hizo huandika anachokisikia: Kazo, Kisao, Suma. Kwa upande mwingine, Mombasa ina mazoea yake ya kuandika konsonanti nzito za Kiarabu kwa kuongeza w. Hapa huandikwa Swaleh, Swabir, Twahir na Twalib, ilhali Tanzania ni kawaida kukuta Salehe, Sabiri, Tahiri na Talibu. Watu wawili wenye jina moja la Kiarabu, mmoja wa Likoni na mwingine wa Tanga, huonekana kwenye orodha kama watu wa majina tofauti kabisa.

Tofauti hizi zina gharama. Mtoto aliyeandikwa Kadzo katika cheti cha kuzaliwa na Kazo katika cheti cha mtihani huja kutakiwa, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, athibitishe kwamba yeye ni yeye. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, humruhusu mzazi kusajili jina ambalo halikuwapo au lililobadilishwa, ikiwa atafanya hivyo katika muda wa miaka miwili baada ya kuzaliwa kwa mtoto kusajiliwa. Hadi mwaka 2016, sheria hiyo ilizuia jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa lisiandikwe ila kwa ombi la wazazi wote wawili au kwa ushahidi wa ndoa. Mahakama Kuu iliamua mwaka huo kwamba kifungu hicho kilikuwa kinyume cha Katiba. Haki ya jina, basi, ipo. Lakini haki hiyo hupitia katika kalamu ya mtu, na kalamu hiyo aghalabu imesomeshwa Kiswahili nasi.

7. Jina linapokuwa hatari

Huenda msomaji akasema kwamba tumelikuza jambo dogo. Kwamba watoto hucheka kila kitu na kusahau. Kwa wakazi wa Likoni jibu lipo katika historia ya karibu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha kivukoni. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na wengine wapatao 100,000 wakahama makwao, wengi wao wakiwa watu waliotoka bara. Katika siku kama hizo, jina la mtu, kwa kuwa hudokeza lugha ya kwao, huacha kuwa jina na huwa shahada ya kuzaliwa inayosomwa na adui.

Upande wa pili nao una kilio chake. Kwa miaka mingi vijana wa Pwani wenye majina ya Kiislamu wamelalamika kwamba wanapoomba kitambulisho cha taifa au pasipoti huulizwa maswali ya ziada na kutakiwa kuleta vyeti vya baba na babu. Aliyekuwa akicheka jina la mwenzake uani mwa shule hujikuta yeye ndiye anayetiliwa shaka kwa jina lake mbele ya dirisha la ofisi.

Fasihi imeliona jambo hili kitambo. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mshairi mmoja huvamiwa na umati uliojaa hasira. Kosa lake ni kuwa wajina wa mmoja wa waliomuua Kaizari. Hujitetea kwamba yeye ni mshairi tu, naye haponi. Umati huo umekataa kuona mtu nyuma ya jina. Na hiyo, ukiipima vyema, ndiyo hatua ya mwisho ya safari inayoanza pale kipatanishi a- kinapoondolewa kwa mzaha.

Hatudai kwamba kila anayemtania Mapenzi au Kazungu ataishia kushika panga. Dai hilo lingekuwa la kipuuzi. Tunachodai ni kwamba mazoea ya kumwona mtu ni mtu, hata jina lake likiwa geni sikioni, hujengwa mapema, nayo hujengwa kwa lugha.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha mambo manne. Kwanza, nomino inapokuwa jina la mtu huhamia ngeli ya A-WA, na kebehi nyingi hufanyika kwa kulirudisha jina katika ngeli yake ya awali. Pili, jina huchekwa zaidi linapochambuliwa kwa sarufi ya lugha isiyo yake, kama ilivyo kwa ka- ya Kigiriama. Tatu, majina ya jamii jirani aghalabu ni tafsiri za mawazo yale yale. Nne, kukosewa kwa jina, kwa kalamu au kwa kinywa, kuna gharama ambayo mwenye jina hulipa kwa muda mrefu.

Wajibu wa mwanafunzi na mwalimu wa Kiswahili wajitokeza hapa. Wengi wetu tutakwenda kufundisha katika shule zenye rejista kama zile za Likoni, Kisauni na Changamwe. Siku ya kwanza ya muhula, kabla ya ngeli, kabla ya insha, tutaita majina. Tuwaulize wanafunzi namna yanavyotamkwa, tuyaandike kama wenyewe wanavyoyaandika, na ikiwezekana somo la kwanza la ngeli litokane na majina hayo. Mtoto aliyejifunza kwa nini husema "Shida ameingia" atakuwa amejifunza sarufi, na Shida mwenyewe atakuwa ameingia darasani akiwa mtu. Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga. Lakini hung'ara zaidi likitamkwa sawasawa.

Maswali ya mjadala

1. Kusanya majina kumi ya watu yanayotokana na nomino za kawaida za Kiswahili. Taja ngeli ya kila nomino, kisha utunge sentensi mbili mbili kudhihirisha mabadiliko ya upatanisho.

2. "Majina ndugu" yaliyoorodheshwa katika sehemu ya 4 yanahusu safari, mvua, usiku na dhiki. Ongeza makundi mengine mawili kutokana na lugha mbili au zaidi zinazosemwa katika eneo lenu.

3. Je, kiambishi ka- katika Kiswahili cha Kenya hudunisha nyakati zote? Jadili kwa kuzingatia sauti ya msemaji na muktadha.

4. Jadili tofauti kati ya utani na kebehi katika matumizi ya majina ya watu, ukitumia mifano isiyomvunjia mtu heshima.